Kiti cha Bondeni

Mvua ilinyesha hata ikaacha kuwa habari. Hakuna aliyeitaja tena, kama usivyomtaja mtu uliyeishi naye chumba kimoja miaka mingi. Iliponyamaza kidogo, ukungu ulishuka ukakaa juu ya jiji, na sauti zote zikawa kama zinatoka chini ya mto.

Chumba chetu cha maafa kilikuwa chini ya jengo la halmashauri, nusu yake ndani ya ardhi. Dirisha lilikuwa moja tu, refu na jembamba, karibu na dari, nalo lilitazama barabara usawa wa lami. Kwa hiyo sisi tuliokabidhiwa roho za watu tuliwaona watu hao miguu tu. Tuliona viatu vya ngozi, ndala, mabuti ya mpira, magurudumu ya mikokoteni. Siku ile miguu ilipita ndani ya ukungu bila kishindo, kama ya watu wanaoota kwamba wanatembea.

Katikati ya chumba palikuwa na meza kubwa, na juu ya meza palikuwa na mji. Seremala wa jiji aliuchonga wote kwa mbao: soko, hospitali, stesheni, shule ya mlimani, lango la maji kule juu na tuta la mto. Kuizunguka meza kulikuwa na viti, na kila kiti na kazi yake. Ukishakaa, jina lako linabaki mlangoni pamoja na mwavuli wako. Mhandisi wa barabara, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, aliitwa Barabara. Daktari wa hospitali kuu aliitwa Afya. Mkuu wa zimamoto, mzee wa masharubu, aliitwa Moto. Mimi, kijana kuliko wote na mwenye hasira kuliko wote, niliitwa Maji. Kazi yangu ilikuwa kuujua mto ulipo, na kuzungumza na mlinzi wa lango.

Meya naye alikuwa na kiti. Aliitwa Sauti, kwa sababu kazi yake pale ilikuwa kuwatangazia wananchi yaliyokwisha kuamuliwa, si kuamua. Hakulipenda jina hilo hata kidogo.

"Sauti, chai yako inapoa," Barabara humwambia.

"Mheshimiwa Sauti," Meya husahihisha.

"Humu hamna waheshimiwa, baba. Humu mna viti."

Mwenye kuamua alikuwa mmoja tu, yule aliyevaa kizibao chekundu. Yeye aliitwa Mji. Tulifika huko baada ya kuumia. Katika gharika iliyopita wakubwa walikuwa wengi kuliko mashua, kila mmoja akitoa amri yake, na mashua zikazunguka mtoni kama kuku aliyekatwa kichwa huku watu wakiwa juu ya mapaa. Jiji likaapa: mafahali wawili wasikae tena zizi moja. Kizibao kimoja, mtu mmoja, amri moja. Kizibao kilipo ndipo jiji lilipo, na asiyekuwa nacho, hata awe nani, atii.

Kanuni za chumba kile alizitunga kaka yangu, na Meya akatia sahihi. Kaka ndiye aliyekuwa Mji mara nyingi, na alikuwa Mji siku ile. Namna ya kupokezana zamu aliitoa nyumbani kwetu. Tulipokuwa wadogo, mama alitutegea vitendawili jikoni akisubiri maji yachemke. Tukishindwa, alidai haki yake: "Nipe mji." Nasi tulimpa mji, na mwingine, na mwingine, maana mama hakushindwa kamwe. Kabla sijaota ndevu alikwisha kutunyang'anya miji yote ya dunia, na kila mmoja alitusimulia alivyoingia, alivyopokewa na alichokula. Kwa hiyo chumbani mwetu anayepokea zamu alisema, "Nipe mji," anayetoka akaeleza hali ilivyo, kisha akasema, "Twaa mji." Bila maneno hayo kizibao hakivuliwi, wala aliyekivaa hatoki chumbani. Wageni waliocheka siku ya kwanza hawakucheka siku ya pili.

Sasa nieleze kosa letu, maana bila hilo hakuna kisa.

Mto ukijaa kupita kiasi, tuta hupasuka, na likipasuka maji huenda sokoni na hospitalini. Dawa yake ni kufungua lango la juu kabla ya hapo, ili maji yamwagike upande wa Bondeni. Bondeni ni kwetu. Ndiko tulikokulia. Seremala, akijua kwamba Bondeni ndipo pa kumwagia, hakujisumbua kupachongea nyumba. Alipapaka rangi ya buluu moja kwa moja, sawa na mto. Sisi sote tuliona. Mimi niliona, kaka aliona, na hapana aliyeshtuka. Tulikaa mezani miezi mingi tukipaita "pa kupumulia".

Siku ya kuwakaribisha wananchi wakione chumba, mama alikuja na gauni lake la kutokea. Akaizunguka meza polepole, mikono nyuma.

"Na kwangu ni wapi?"

"Hapa, mama," kaka akamwonyesha.

"Hapa pana maji."

"Ni rangi tu, mama."

Mama akavitazama viti, kimoja kimoja. "Huyu nani?"

"Barabara."

"Na huyu?"

"Afya."

"Bondeni anakaa kiti gani?"

Kaka alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kushika. Mama hakucheka. Akavaa kiatu chake vizuri, akapanda ngazi, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za kazi yetu.

Basi siku ya ukungu, mto ukapanda. Tangu asubuhi malori yalikuwa yakiwatoa watu wa Bondeni kuwapeleka shule ya mlimani. Kufikia alasiri Barabara alisema, "Bondeni kweupe." Kisha akanitazama mimi, akamtazama kaka, akashusha sauti. "Isipokuwa nyumba moja."

"Nyumba gani?" Meya akauliza.

Redio ilikuwa ikikoroma yenyewe mezani.

Dereva wa lori la mwisho akasema kwa redio kwamba bibi mmoja amekaa barazani na kiti chake, amekunja mikono. Amemwambia hahamishwi na redio. Amesema waliopaka rangi waje wenyewe.

Niliwaka pale pale, si mtu wa kunyamaza mimi. "Ndiyo haya niliyokwambia!" nikamwambia kaka. "Nilikwambia umwombe radhi!"

"Hukuniambia, Maji. Ulinitazama tu."

"Basi nilikutazama!"

"Na wewe ulikuwa na mdomo. Na yeye ni mama yako pia."

Mlinzi wa lango akapiga simu: tuta limeanza kutoa jasho. Ndivyo wao walivyosema pale udongo unapoanza kuvuja. Likitoa jasho halikawii. Lango lazima lifunguliwe kabla ya jioni, au hospitali na wagonjwa wake wote waende na maji.

Kila jicho likamwelekea mwenye kizibao. Kaka aliutazama mji wa mbao kwa muda. Akanyanyuka, akachukua redio ya mkononi, akapanda ngazi. Tulidhani anakwenda kuvuta hewa. Kisha tukaona dirishani mabuti yake yakipita, haraka haraka, yakielekea mteremko wa Bondeni.

Kizibao alikuwa nacho mwilini.

Mnaelewa maana yake? Jiji lilikuwa limeinuka likatoka nje. Pale mezani tulibaki viti vitupu vyenye watu ndani yake. Moto aliweza kuzima moto, Barabara aliweza kufunga barabara, mimi niliweza kuzungumza na lango, lakini kusema "fungua" hakuweza mtu. Hakukabidhi. Hakusema "twaa mji". Yeye aliyetunga kanuni ndiye aliyeivunja, nasi tulivyofundwa tukafundika, hakuna aliyethubutu kuivunja zaidi.

"Ujinga huu," Meya akasema. "Mimi ni Meya wa jiji hili. Fungueni."

Moto akasokota sharubu. "Wewe ni Sauti."

"Mzee, hospitali inazama!"

"Gharika ile ulikuwepo? Mimi nilikuwepo. Niliamriwa na watu watano kwa wakati mmoja, na mwenzangu akafa akiwatii wote. Mimi natii kizibao. Hata kikivaliwa na mbuzi, nitamwuliza mbuzi: afande, tufanyeje?"

Barabara alitaka kucheka akashindwa. Nikashika redio.

"Mji, hapa Maji. Mji, unanisikia?"

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya redio. Nikaita tena na tena, sauti yangu ikinirudia kama ya mtu mwingine anayeniita mimi kutoka ng'ambo. Nikafikiri nimelala, na hii ni ile ndoto niliyokuwa nikiiota utotoni, kwamba natembea barazani kwetu na maji yamefika magotini, lakini ni masafi na ya vuguvugu, na mama anafagia humo humo majini wala hashangai.

Kisha redio ikakohoa.

"Nani huyo anapiga makelele?" Ilikuwa sauti ya mama.

Afya akashika mdomo. Nikasema, "Mama! Kaka yuko wapi?"

"Yuko hapa, amelowa kama kifaranga. Amesahau kuondoa kidole kwenye hiki kidude chake, au mimi ndiye nimekibonyeza, sijui. Ngoja." Tukasikia kiti kikikwaruza sakafu ya barazani. Tukasikia na maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati kwenda kwenye pipa, tone kwa tone, sauti niliyolala nayo miaka yote ya utoto wangu.

"Mama, twende," kaka alikuwa akisema. Hakuwa Mji tena katika sauti ile. "Nakuomba. Lango haliwezi kungoja."

"Basi lifungueni. Nani kawazuia?"

"Siwezi kulifungua na wewe umo."

"Kwa hiyo ningekuwa simo ungelifungua."

"Ndiyo."

"Na nyumba ya jirani yangu? Na vyerehani vyake? Na kaburi la baba yako? Hayo yamo bado, wala hayakuzuii." Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake. Alisema kama mtu anayehesabu nguo kambani. "Mwanangu, hospitali isizame. Mimi si mwendawazimu. Niliwazaa pale, nyote wawili. Lakini maji nikiyakaribisha mwenyewe ni mgeni. Mkiniletea ninyi bila kubisha hodi, ni mwizi, na aliyemfungulia mlango ni wa tumbo langu."

Tone, tone, tone.

"Kitendawili," mama akasema.

"Mama, jamani, si wakati."

"Kitendawili!"

Nikasikia kaka akivuta pumzi. "Tega."

"Meza moja, kila mtu ana kiti, anayeibeba meza kichwani hana."

Chumba kizima kililijua jibu. Moto alilijua, Afya alilijua, hata Meya aliinamisha macho yake kwenye ile rangi ya buluu mbele yetu. Kaka ndiye aliyelijua zaidi yetu sote. Nilimngojea alitoe, amwombe radhi, amshike mkono, yaishe.

"Nimeshindwa," kaka akasema.

Kiti cha mama kikakwaruza tena.

"Umeshindwa kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi nipe mji."

Kisha kaka akaanza kueleza hali, kama kanuni inavyotaka, taratibu. Mto umefika wapi. Tuta limetoa jasho. Watu wa Bondeni wako shule ya mlimani, wote isipokuwa mmoja na mwanawe. Wagonjwa hawahamishiki. Akamaliza. Tukasikia kitambaa kikisuguana, kitu kikivuliwa na kitu kikivaliwa.

"Twaa mji, mama."

"Nimeutwaa."

Meya alisimama. "Hapana! Haiwezekani! Huyu mama si mtumishi wa jiji, hana mafunzo, hana..."

"Ana kizibao," nikasema. "Kimekabidhiwa kwa maneno, mbele ya mashahidi. Sahihi iliyo chini ya kanuni hiyo ni yako."

"Nilidhani mtakabidhiana ninyi kwa ninyi!"

"Na huyo ni nani, kama si sisi?" Moto akauliza. Akavuta kiti chake mezani, akakaa wima kama aliyeitwa kwenye gwaride.

Redio ikasema, "Hapa Mji. Anayeshika maji ni nani?"

Nikajibu: "Mji, hapa Maji."

"Maji, fungua lango."

Nilijua vema kinachotakiwa. Kanuni inasema urudie amri, kisha uitekeleze. Lakini walikuwa barazani bado, wote wawili, kila nilichonacho duniani. "Mama," nikasema, "tokeni kwanza. Mkifika mlimani nitafungua."

"Humo chumbani kuna mama?"

"Hapana."

"Kuna nini?"

"Kuna viti."

"Basi nisikilize, kiti. Maji yakitoka langoni hupita mateteni kwanza, hujaza bwawa la zamani, ndipo yaje kwangu. Mimi nimeishi nayo kabla hujazaliwa, wewe umeyasomea, sote tunajua hayo hayakimbii. Tutatembea. Tuta ndilo lisilongoja. Rudia amri."

Mkono wangu ulikuwa juu ya simu ya lango. Mimi ninayebishana na kila mtu, ninayejua kuzigonganisha hoja kama mawe mpaka zitoe cheche, sikuwa na hoja hata moja.

"Nimesikia," nikasema. "Fungua lango."

Nikamwambia mlinzi. Akauliza, kama anavyotakiwa, amri ni ya nani. Nikasema ni ya Mji. Kisha nikaongeza, ingawa hakuuliza: "Imetoka Bondeni." Kwenye simu nikasikia chuma kikilia, kilio kirefu cha kitu kilichokaa bila kufunguliwa, na nyuma yake maji yakipumua.

Baada ya hapo redio ya kaka haikujibu tena. Labda ililowa. Labda. Barabara alinipa karanga kutoka mfukoni mwake, nikazishika tu kiganjani mpaka zikapata joto. Mlinzi akasema mto umeanza kushuka. Akasema jasho la tuta limekauka. Afya alilia kimya kimya, akajifuta, akapiga simu hospitali. Meya, Mungu amjalie, alikwenda kwenye kipaza sauti akafanya kazi yake. Aliwaambia wananchi kwamba lango limefunguliwa, na limefunguliwa kwa amri ya mkazi wa Bondeni. Hakusema zaidi. Kwa mara ya kwanza alikitosha kile kiti.

Mimi nilikuwa naangalia dirisha. Miguu ilipita. Viatu vya shule vimebebwa mkononi, na nyayo tupu chini yake. Mabuti ya zimamoto. Mbwa. Ukungu ulikuwa na rangi ya maziwa, na kila mguu uliotokea ndani yake ulitokea kana kwamba unaumbwa pale pale, kisha ukafutika. Nilijiambia: nikiona mabuti peke yake, sitanyanyuka kwenye kiti hiki maisha.

Yakaja mabuti. Kaka ana namna ya kukanyagia kisigino cha kushoto, ningeyatambua kati ya elfu. Yalikuwa peke yake.

Yakasimama. Yakageuka nyuma, yakangoja.

Na ndani ya ule ukungu zikatokea ndala za plastiki, zinakuja polepole, hazina haraka na mtu, juu yake pindo la gauni lililolowa. Lilikuwa gauni la kutokea.

Walishuka ngazi. Sote tulisimama, hata Meya. Mama alikuwa amevaa kizibao chekundu, kimempwaya mpaka magotini, na nywele zake zilijaa matone madogo madogo kama nyota za asubuhi. Kaka alikuja nyuma yake na mikono mitupu, akasimama mlangoni, mahali pa miavuli.

"Kanuni zenu zinasema mwenye mji anakaa chumbani," mama akasema. "Haya, nimekuja. La sivyo ningekuwa kwangu." Akamgeukia kaka. "Ulilijua hilo uliponivisha hili koti, si ndiyo?"

Kaka akatazama sakafu. "Nilishindwa kitendawili, mama."

"Mwongo wee." Lakini alimfuta maji usoni kwa upindo wa kizibao cha jiji, mbele ya zimamoto, daktari na Meya.

Akakaa kwenye kiti kikuu. Miguu yake haikufika chini vizuri. Akaupitia ule mji wa mbao kwa macho, kutoka lango mpaka stesheni, kisha akasema, "Maji."

"Mji, hapa Maji."

"Mto?"

"Unashuka, Mji."

"Hospitali?"

"Kavu."

"Na Bondeni?"

Simu ya mlinzi ilikuwa imekwisha kunieleza. Nilitaka kusema jambo jingine, jambo zuri. Nikasema la kweli. "Maji yamejaa, Mji. Kwenye nyumba ya mwanzo baada ya bwawa yamefika madirishani."

"Hiyo ndiyo nyumba yangu."

"Ndiyo, mama."

Safari hii hakunikosoa. Alitazama dirishani kwetu, ambako miguu ya watu ilikuwa bado inapita, na nadhani aliiona baraza yake, na pipa, na maji yakiingia kama mgeni aliyeambiwa karibu, akavua viatu mlangoni. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kibiriti chake cha jikoni, kikavu kabisa. Akakiweka juu ya meza, pale penye buluu, akakisogeza kidogo kwa kidole mpaka kikakaa alipotaka.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Kesho seremala aje aniulize na majirani zangu wako wapi."

"Nimesikia," nikasema. "Seremala aje."

Nikatoka nikaenda ukumbini juu, nikachukua kiti kimoja cha plastiki katika vile vya wageni, nikakishusha ngazini. Barabara akasogea, Moto akasogea. Nikakiweka kati yao, mbele ya kile kibiriti, kikabaki kitupu kinangoja mwenyewe amalize zamu.